Patasi Iliyobaki Uvunguni mwa Ukumbi wa Mbao

Vijana wangu, wiki tatu zilizopita niliingia kwa tumbo uvunguni mwa Ukumbi wa Mbao hapa Bariadi, mimi mwenye magoti haya mnayoyacheka nikipanda ngazi. Niliingia mzito kama gunia la pamba lililonyeshewa, nikatoka mwepesi. Mke wangu anasema tangu siku ile nakoroma vizuri. Nimeona niwaandikie nyinyi mnaojifunza useremala. Mashine mnazijua kuliko mimi, na ni nzuri, siziombei mabaya. Lakini kuna jambo moja la kazi hii ambalo nimelijua juzi tu, na nimestaafu siku nyingi.

Kwanza jengo lenyewe. Lilijengwa na wafanyabiashara wa pamba kabla sijazaliwa, wakati Bariadi ni kijimji tu na mambo makubwa yote yanaamuliwa Shinyanga. Walitaka mahali pa kucheza dansi na kutazama maigizo, basi wakajenga ukumbi wenye jukwaa upande mmoja, kidirisha cha kukatia tiketi mlangoni, na sakafu ya mbao iliyokaa juu ya boriti. Chini ya sakafu kuna uvungu wa kimo cha mbuzi. Waliocheza pale watawaambia: saruji inakuchosha miguu, lakini mbao inakurudishia hatua yako.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Mzee Maduhu, mtu mfupi, mzee wa kanisa, penseli nyuma ya sikio hata akiwa ibadani. Alikuwa na namna yake ya kukagua sakafu. Hakuinama. Alivua kiatu cha kulia, akapiga kisigino mara tatu, akatulia, kisha akasema, "Imeshika," au, "Haijashika." Basi. Alituambia macho yanadanganya, maana mbao iliyooza ikipigwa randa inang'aa vilevile. Jaribuni mtaona: mbao iliyokamata boriti yake inatoa sauti fupi, kavu. Isiyokamata, sauti yake ina mkia. Kazi ikiisha aliwaita makarani watatu wa pamba wenye vitambi, akawaomba waruke pamoja. Makarani walikuwa wanaona ni heshima, nasi hatukuwaambia walikuwa vipimo.

Niwaambie na habari ya kitanda, maana bila kitanda hamtaelewa kwa nini nilifanya nilichofanya baadaye. Nilikuwa na umri kama wenu. Bwana mmoja aliyekaa karibu na soko alitaka kitanda cha kuolea. Mimi, kwa ujanja wangu, nikaenda Lamadi nikapata mbao za mtumbwi uliobomolewa, kavu, pana, za bei ya kutupa. Nikazipiga randa zikawaka. Kiangazi chote bwana harusi alinisifia. Mvua ya kwanza iliponyesha, chumba chao kikanuka sangara mpaka bibi harusi akarudi kwao kulala.

Maduhu alinusa ubao wa kichwani mara moja tu. Akaniambia, "Fundi anabeba kosa lake mwenyewe." Nikadhani ni methali. Kumbe alimaanisha kubeba. Nilikibeba kitanda kichwani, mchana, siku ya mnada, nikapita nacho sokoni mpaka karakana. Akina mama walishika pua wakaniuliza sangara ni wa jana au wa leo. Kisha nikatengeneza kingine cha mninga. Mtu mwenye akili angejifunza pale kutofanya ujanja. Mimi nilijifunza kuficha.

Mwaka uliofuata mchwa waliingia katika Ukumbi wa Mbao, na Maduhu akapewa kazi ya kubadilisha mbao za katikati. Tulizifumua zote, na hapo nikaiona kwa mara ya kwanza boriti mama, ile nene ya mvule inayobeba boriti ndogo zote. Maduhu alinionyesha kwa kidole. "Hii haitobolewi, haichongwi. Ukiwa na wazo lolote juu ya boriti hii, nenda kanywe maji kwanza." Kisha akasafiri kwenda Mkula kutazama magogo, akaniachia kazi.

Mchana ule akaja Jilala. Huyu alikuwa manju, kiongozi wa kundi la ngoma. Alikuwa wa Wagika au wa Wagalu, hapo sisemi, mashabiki bado wapo na mimi bado napita mitaani. Kwa wale wa mbali: ngoma zetu za Kisukuma hushindana pande mbili, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila manju ana dawa yake ya mvuto, wenyewe wanaiita samba, na huifukia katikati ya uwanja kabla ya mashindano. Safari hii mashindano yalikuwa yafanyike ndani ya ukumbi.

"Mwadila, fundi. Mzee wako yupo?"

"Mwadila. Amekwenda Mkula."

"Mungu ni mwema," akasema, akatoa pembe ndogo ya mbuzi iliyoshonewa kitambaa chekundu. "Uwanjani ningefukia mwenyewe. Hapa mmetandika mbao. Sasa mimi nifukie wapi?"

"Nitakuwekea huku chini, kwenye udongo."

"Udongo uko mbali na miguu. Iguse mbao, tena katikati kabisa. Nina beberu nyumbani, ni wako."

Nilivuta kamba kutoka kona mpaka kona, mbili zikapishana. Zilipishana juu ya boriti mama. Nikamwambia tuweke pembeni kidogo, kiganja kimoja tu.

"Kiganja kimoja si katikati," akasema. "Wewe ni fundi, au bado unabeba vitanda?"

Hapo akanipata. Nikashika patasi. Ilikuwa yangu mwenyewe, kifaa cha kwanza kununua maishani, nimechoma herufi ya jina langu kwenye mpini kwa msumari wa moto. Nilichonga shimo juu ya boriti mama. Pembe ya mbuzi imepinda, haiingii katika shimo lililonyooka, nikapanua. Nikaongeza kina. Nilipokuja kutazama nimekula zaidi ya nusu, na pale pale mti ukalia, sauti ndogo kama mtu anayevunja kijiti. Mkono ulishtuka, patasi ikaponyoka ikaangukia gizani uvunguni. Sikushuka kuifuata. Nilitumbukiza pembe, nikatandika mbao, nikapigilia misumari, nikafagia maranda. Shikeni hili, litawafaa: boriti ukiichonga mpaka nusu, nguvu inayobaki si nusu. Ni kidogo mno kuliko hiyo.

Maduhu alirudi kesho yake. Akavua kiatu, akapita na kisigino chake kutoka jukwaani. Katikati alipiga mara tatu, akatulia. Akapiga tena mara tatu. Mimi nilikuwa natazama dirishani kana kwamba kuna harusi inapita nje. Akavaa kiatu.

"Patasi yako iko wapi, Ngasa?"

"Imepotea, baba."

"Mmh. Itapatikana siku ukienda kuitafuta."

Nikashukuru kwamba sikio lake limeanza kuzeeka. Siku iliyofuata alinituma Mkula kufunga milango ya shule, siku nane nzima, akabaki peke yake ukumbini kumalizia vumbi, alivyosema.

Siku ya mashindano nilisimama nje ya mlango, kiganja ukutani, nikisikilizia jengo. Watu walijaa, miguu inapiga kwa pamoja, mbao zinaunguruma. Nilimwomba Mungu ambaye siku chache nyuma nilimchanganya na pembe ya mbuzi. Sakafu haikuanguka. Kilichoanguka ni kundi la Jilala. Watu waliwakimbia wote wakaenda upande wa pili. Alipokuja kunidai beberu wake nilimwonyesha ngozi.

Tangu siku hiyo sikukanyaga katikati ya ukumbi ule. Hata harusi yangu na Mbuke ilifanyika pale, na Mbuke ni mwanamke anayependa dansi kuliko chai. Nilicheza naye nikiambaa ukuta. Nilimwambia goti linauma. Goti hilo nimeliuguza kwa mdomo tangu siku ile, na mke wangu, Mungu ambariki, amelikanda kwa maji ya moto miaka yote hiyo.

Mtauliza kwa nini sikuingia uvunguni nikatazama. Ni swali la haki. Mlango wa uvungu uko chini ya jukwaa, na haukuwahi kuwa na kufuli, una kipande cha mbao tu cha kuzungusha. Ningeweza kuingia siku yoyote. Nilisema nitaingia baada ya mavuno, nikasema baada ya Krismasi. Nilikuwa naogopa kuona. Watu walikuwa wanaoana, wanabatiza, wanaruka juu ya kosa langu, na mimi nilichagua kutotazama. Sijivunii. Yamkini na nyinyi mna kitu mmepigilia mbao juu yake.

Maduhu naye alikuwa na mzaha wake. Tukikaa kula, au tunanoa misumeno, ananiuliza, "Ngasa, patasi uliipata?" Najibu, "Bado, baba." Anacheka kidogo, anaendelea na kazi. Nilikuwa fundi kamili mwenye wanafunzi wangu, bado ananiuliza. Mara ya mwisho alikuwa kitandani kwake, amebaki mifupa, nimemshika mkono.

"Patasi uliipata?"

"Nimenunua nyingine baba, zamani sana."

Alicheka mpaka akakohoa, mkewe akaja mbio na maji. Nilidhani ni homa. Siku nne baadaye tukamzika.

Kisha ukumbi ukafungwa, ukawa ghala la mbegu za pamba. Magunia yalipangwa mpaka juu ya jukwaa, nami nikapumua. Mtu angesema, kama sakafu imebeba magunia, inashindwaje watu? Msidanganyike. Gunia linalala, mguu unapiga. Mzigo unaoruka ni mzigo mwingine kabisa.

Sasa mwaka huu halmashauri ikaamua kuufufua ukumbi wa kihistoria, mkasikia tangazo. Na nani wa kwanza kuuomba? Mjukuu wangu Kija, mtoto wa Limi wetu, aliye muuguzi kule Lamadi, kwa ajili ya sendofu yake. Nilipinga. Nikasema kuna popo, kuna joto, ukumbi mpya wa kule barabarani una feni.

"Ukumbi ule ulikukosea nini?" Mbuke akauliza.

Kija akanishika bega. "Guku, sakafu ile si uliitengeneza wewe? Mimi nataka nichezee juu ya kazi yako."

Siku hiyo sikula. Kilo zote za ukoo wetu, shangazi zake wale mnaowajua, wakiruka na mtoto huyo katikati, juu ya kipande cha mti nilichokibakiza mimi. Kesho yake nilivaa shati la kanisani nikaenda ukumbini.

Injinia wa halmashauri ni binti wa Tanga, anaitwa Mwanaidi. Ameletwa kwetu kikazi na anajitahidi na Kisukuma. Ilikuwa imekaribia saa nane mchana.

"Mwangaluka, babu!"

"Hiyo ni ya asubuhi, ng'wanawane. Sasa hivi sema mwadila."

"Astaghfirullah! Na mkurugenzi nimemwamkia hivyohivyo." Akacheka. "Karibu babu, tafadhali. Nilitamani sana kumpata mtu anayelijua jengo hili."

Akanitembeza kama mgeni. Kidirisha cha tiketi kipo, kizingiti chake kimelika kwa viwiko vya watu. Reli ya pazia ipo juu ya jukwaa, imeota kutu. Ukutani bado kuna alama nyeupe mahali ilipokuwa saa kubwa. Sakafu wameipiga msasa na vanishi, inang'aa kama chai. Mwanaidi alikuwa anaeleza huku anarudi nyuma, akafika katikati kabisa, akasimama pale na kijitabu chake.

"Toka hapo," nikasema.

"Babu?"

"Mwanangu, naomba utoke hapo kwanza."

Akatoka. Nikakaa kwenye ngazi ya jukwaa, nikamwambia yote: Jilala, pembe, boriti, patasi. Nilimaliza kwa kusema, "Fungeni ukumbi. Andika jina langu."

Hakuandika. Aliniuliza, "Babu, umeona kwa macho yako jinsi ilivyo sasa?"

"Hapana."

"Mie niliingia uvunguni mwezi uliopita. Sikuona boriti iliyovunjika. Niliona kitu kingine, nikashindwa kukielewa. Twende ukanieleze."

Akazungusha kile kipande cha mbao, mlango ukafunguka, ukatoka ubaridi na harufu ya mbegu za pamba. Akaniwashia tochi. Nililala kwa tumbo, shati la kanisani na yote, nikajikokota, yeye mbele na kofia yake ngumu. Mara tatu nilitaka kurudi. Magoti, safari hii, yaliniuma kweli.

"Angalia juu, babu."

Niliinua tochi. Boriti mama ilikuwa imekumbatiwa pande zote mbili na mbao nene za mninga, ndefu kupita urefu wangu. Zilikuwa zimefungwa kwa vigingi vya mti, bila msumari hata mmoja, vimepangwa kimoja juu kimoja chini mpaka mwisho. Chini yake kuna nguzo ya matofali ya kuchoma, imekaza. Shimo langu lilikuwa limejazwa kipande cha mvule kilichoingia barabara, huwezi kupitisha ukucha. Pembe haikuwepo. Jilala, popote ulipo, sasa unajua.

Vigingi vya namna ile Bariadi nzima alivipiga mtu mmoja tu. Siku zile nane mimi nafunga milango Mkula, mzee yule alikuwa amelala chali mavumbini anatengeneza nilichoharibu.

"Sasa hiki ndicho nilichoshindwa," Mwanaidi akasema, akamulika pembeni. "Nilidhani mtu alisahau."

Kwenye ubavu wa boriti kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kimening'inia kitambaa kilichofungwa kwa uzi. Nilikifungua. Kitambaa kilikuwa kimeganda kwa mafuta. Ndani ilikuwa patasi, chuma chake hakina hata doa la kutu, na kwenye mpini kuna herufi yangu.

Nililia, vijana. Nililia nimelala kifudifudi, kisha nikaanza kucheka, na yule binti wa watu hakujua ashike lipi. Mzigo ulinitoka mgongoni, niliusikia ukitoka. Watu wote wale waliocheza, hakuna aliyekuwa hatarini hata siku moja. Mjukuu wangu atacheza. Halafu nikamkumbuka mzee kitandani anakohoa kwa kicheko, na hapo nikaona aibu. Alikuwa ameninolea patasi, ameipaka mafuta, ameitundika mahali ambapo nisingeiona mpaka niingie mwenyewe kuitafuta. Aliniuliza mpaka pumzi ya mwisho. Mimi nikamwambia nimenunua nyingine.

"Boriti iko salama, babu," Mwanaidi akasema taratibu. "Nilipima. Inabeba zaidi ya siku ilipojengwa."

"Wabeja, ng'wanawane," nikamshukuru. "Wabeja sana."

Sendofu ilifanyika Jumamosi mchana. Kija aliingia na shangazi zake, ukumbi ukatetemeka vizuri, sauti fupi, kavu, nikasikiliza kila kona. Baadaye bendi ikapiga dansi la zamani. Mbuke alikuwa amekaa, ameshazoea, anatikisa vidole tu juu ya meza. Nilimwendea nikampa mkono. Alitazama goti langu, akanitazama usoni. Nikamwongoza, tukaacha ukuta, tukaenda mpaka katikati kabisa, na pale, muziki unaendelea na watu wanatupigia vigelegele, nikamwambia sikioni habari yote. Goti, boriti, Maduhu, na patasi iliyokuwa ndani ya koti langu saa ileile.

Mbuke alisimama. Niliogopa kuliko nilivyoogopa uvunguni. Akainama akavua kiatu cha kulia, akapiga kisigino mara tatu kwenye mbao zile, kwa nguvu, akatega sikio.

"Imeshika," akasema. "Haya, baba Limi. Cheza zile zote ulizoninyima."